MKATE MREFU WA CAPE TOWN: ASILI YAKE, UTAMU WAKE NA MAFUNZO YALIYOMO

Mara nyingi tunapoandika habari za ndugu zetu Waislamu wa nchi nyingine, kalamu hukimbilia misikiti yao, wanavyuoni wao na taabu zilizowapata. Hayo ni mambo makubwa na yapaswa kuandikwa. Lakini watu hujulikana pia kwa kile wanachokiweka mbele ya mgeni. Leo basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu, wazazi na vijana, habari za mkate mmoja mrefu wa mji wa Cape Town katika Afrika ya Kusini, uitwao Gatsby.

Huenda msomaji akauliza: Yatufaa nini habari ya mkate? Jawabu letu ni hili. Mkate huu ulizaliwa siku ambayo mtu mmoja alikuwa na vibarua wenye njaa mbele yake, amewaahidi chakula, na dukani mwake hamkubaki ila masalio. Alichokifanya siku ile ndicho kilichozaa chakula ambacho leo hujulikana katika kila mtaa wa mji ule. Ndani ya kisa hicho mna mafunzo juu ya ahadi, juu ya haki ya mfanya kazi, na juu ya kugawana. Tena wengi wa watu walioukuza mkate huu ni Waislamu, wajukuu wa watumwa na wafungwa waliovukishwa bahari. Si vema tuujue mkate tusiwajue wenyewe.

MKATE WENYEWE

Wakazi wa pwani yetu waujua mkate wa boflo. Basi na afikirie msomaji boflo mrefu kupita kiasi, zaidi ya futi moja, laini ndani na wenye ganda jembamba nje. Mkate huo hupasuliwa ubavuni kwa urefu wake wote. Ndani yake hutiwa kwanza chipsi za viazi, zikingali moto. Chipsi hizo si kavu za kuvunjika. Ni nene na laini, zimenyunyiziwa chumvi na siki mpaka zikalegea. Wenyewe huziita slap chips, na neno slap katika lugha ya Kiafrikana maana yake ni kitu kilicholegea.

Juu ya chipsi huwekwa kitoweo. Kitoweo cha asili ni poloni, yaani soseji nene ya rangi ya waridi ikatwayo vipande vya duara. Wengine hupenda nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa masala, na wengine kuku, samaki au ngisi. Kisha hutiwa achari, au mchuzi mkali uitwao peri-peri, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, kwani ni ndugu wa pilipili yetu. Aghalabu huongezwa majani ya saladi na nyanya.

Mwisho mkate hukatwa vipande vinne ukafungwa katika karatasi. Hapa ndipo penye siri yake. Gatsby haununuliwi kama andazi, mtu ajilie njiani peke yake. Watu wanne huchanga fedha, hununua mmoja, wakaketi pamoja, kila mtu na kipande chake. Baba atokaye kazini hununua mmoja ukawatosha watoto. Wanafunzi wenye senti chache huunganisha mifuko yao. Mkate huu tangu siku yake ya kwanza ulikuwa wa watu wengi.

NASABA YA MKATE MREFU

Kabla hatujafika Cape Town, yafaa tutazame nasaba ya chakula cha namna hii, yaani mkate uliotiwa kitoweo ndani, ambao dunia nzima sasa huuita sandwichi.

Jina hilo latokana na cheo cha Kiingereza. John Montagu, Lodi wa nne wa Sandwich, aliishi Uingereza tangu mwaka 1718 hata 1792. Mfaransa mmoja, Pierre-Jean Grosley, aliandika katika kitabu chake juu ya mji wa London, kilichotoka mwaka 1770, kwamba waziri mmoja alikaa kwenye meza ya kamari usiku na mchana asiinuke, akala nyama iliyowekwa katikati ya vipande viwili vya mkate ili asiuache mchezo wake. Wako waliomtetea lodi yule kwamba mtu mwenye kazi nyingi kama zake huenda alikuwa kwenye meza ya kazi. Vyovyote iwavyo, sandwichi ya lodi ilikuwa chakula cha mtu mmoja asiyetaka kuinuka kwenda kula na wenziwe.

Mkate mrefu una nasaba nyingine kabisa. Mwaka 1929, katika mji wa New Orleans, Marekani, wafanya kazi wa tramu waligoma tangu tarehe 1 Julai. Mjini mle walikuwako ndugu wawili, Bennie na Clovis Martin, ambao zamani walikuwa makondakta wa tramu hizo hizo, kisha mwaka 1922 wakafungua mkahawa. Waliwaandikia wagomaji barua, wakawaahidi kuwa watawalisha bure maadamu mgomo unaendelea. Inasimuliwa kwamba kila mgomaji alipoonekana mlangoni, waliokuwa jikoni walisema kuwa anakuja maskini mwingine, na kutokana na neno hilo mkate ule ukaitwa po'boy, yaani kijana maskini. Mikate ya siku zile ilikuwa imechongoka ncha zake, na ncha hazikutosha kutiwa kitu. Basi mwokaji mmoja, John Gendusa, aliwatengenezea mkate wenye unene mmoja tangu mwanzo hata mwisho, urefu wake kiasi cha inchi 40, karibu mita moja, ili kila kipande kiwe sawa na mwenziwe na asipunjike mtu.

Na atazame msomaji jambo hili. Lodi alitaka mkate usiomwondoa mezani. Ndugu wa New Orleans walitaka mkate wa kukata vipande vilivyo sawa, kwa sababu mlangoni palikuwa na watu wengi. Urefu wa mkate ulitokana na wingi wa wenye njaa.

Huko Vietnam nako, Wafaransa waliokuwa wakitawala walileta mkate wao mrefu mwembamba, ukawa chakula cha wakubwa. Lakini wenyeji waliuchukua, na hasa baada ya mwaka 1954 katika mji wa Saigon wakaujaza nyama kidogo, kachumbari ya karoti na figili, majani ya kotimiri na pilipili, wakauuza njiani kwa bei ya mtu wa kazi. Mkate wa mtawala ukawa mkate wa mtawaliwa, tena mtamu kuliko ulivyokuwa kwanza. Tutaona kwamba mambo ya Cape Town yalikwenda katika njia hiyo hiyo.

WATU WA RASI

Mwaka 1652 Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India ilianzisha kituo katika Rasi ya Tumaini Jema, ili merikebu zake zipate maji, mboga na nyama katika safari ndefu ya kwenda Asia. Kampuni ikataka watumwa, ikawaleta kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Msumbiji, na Bukini, yaani Madagaska. Pamoja na watumwa ilileta wafungwa wa siasa, watu wakubwa waliopinga utawala wake huko kwao. Mmoja wao alikuwa Sheikh Yusuf wa Makassar, aliyefikishwa Rasini mwaka 1694 akafa huko mwaka 1699. Mwingine alikuwa Imam Abdullah wa kisiwa cha Tidore, ambaye watu walimwita Tuan Guru. Huyu aliletwa mwaka 1780, akafungwa katika kisiwa cha Robben, na humo kifungoni akaandika Kurani Tukufu kwa moyo, bila ya nakala mbele yake. Alipofunguliwa akawafundisha watoto wa watumwa na watu huru. Msikiti wa Auwal katika mtaa wa Dorp, ambao mwanzo wake huhesabiwa tangu mwaka 1794, alikuwa imamu wake wa kwanza, na ndio msikiti wa kwanza katika nchi ile.

Watu hao walinyang'anywa nchi zao, na wengi wao hata majina yao. Walichobaki nacho kilikuwa dini yao na ufundi wa mikono yao. Wanaume walikuwa mafundi wa mawe, seremala, washonaji na wavuvi. Wanawake walipika katika majumba ya Waholanzi, na polepole jikoni mle mkaingia bizari, tangawizi, mdalasini na achari. Hata leo mtu wa Zanzibar au Mombasa akialikwa katika nyumba ya Muislamu wa Cape Town hujiona karibu na kwao, kwani ataletewa sambusa, na roti ambayo sisi twaiita chapati, na achari ya embe kando ya sahani.

Tena kuna jambo moja ambalo Waswahili tutalifahamu upesi. Kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Waislamu wa Rasi waliandika Kiafrikana kwa herufi hizo hizo katika vyuo vyao. Kitabu kimoja kikubwa cha namna hiyo, Bayan al-Din, kiliandikwa na Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyepelekwa Rasini na dola ya Uturuki, kikapigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Basi watu hao walikuwa na tabia ya kale ya kuchukua kile kilichoko, lugha ya bwana au mkate wa bwana, na kukifanya chao.

Mwaka 1950 serikali ya Makaburu ilitunga sheria ya kuwagawa watu mitaa kwa rangi zao. Tarehe 11 Februari 1966 ilitangaza kuwa mtaa wa District Six, uliokuwa katikati ya mji na wenye watu wa kila rangi na dini, utakuwa wa wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa katika miaka iliyofuata, na nyumba zao zikabomolewa kwa matingatinga. Misikiti na makanisa viliachwa vimesimama katikati ya kifusi, na wako wazee waliokuwa wakirudi kila Ijumaa kutoka mbali, wapate kusali katika msikiti wa mtaa ambao haukuwa na nyumba tena.

Waliohamishwa walipelekwa kwenye uwanda wa mchanga na upepo ulio upande wa mashariki na kusini wa mji, uitwao Cape Flats. Kazi zilibaki mjini, watu wakawa mbali. Mtu aliondoka alfajiri akarudi jioni, nauli imekula sehemu ya ujira wake. Watu wa namna hiyo walihitaji chakula cha rahisi, chenye kushibisha, na kinachowatosha wengi. Katika uwanda huo uko mtaa wa Athlone, na ndiko mkate wetu ulikozaliwa.

ATHLONE, MWAKA 1976

Mwaka 1976 haukuwa mwaka wa raha. Tarehe 16 Juni wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi, na mwezi wa Agosti moto huo ulikuwa umefika Cape Town. Katika mwaka huo, katika mtaa huo, aliishi mwenye duka la samaki na chipsi, jina lake Rashaad Pandy, na duka lake likiitwa Super Fisheries.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku moja aliwachukua vibarua wachache wamsaidie kusafisha kiwanja, akawaahidi kuwapa chakula. Kazi ilipokwisha walirudi dukani, na samaki walikuwa wamekwisha. Kilichobaki kilikuwa mkate wa Kireno wa duara, chipsi, vipande vya poloni, na achari. Mtu mwingine angeweza kusema: Samahanini, njooni kesho. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi, na mfanya kazi aliyechoka hashibi maneno. Pandy alichukua mkate ule, akaupasua, akatia ndani chipsi, poloni na achari, akaukata vipande vinne, akawapa watu wake wakala.

Dini yetu imehimiza sana mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Twaona katika kisa hiki mfano wake ulio wazi. Haikuwa karamu, wala hakikuwa chakula cha kujivunia. Kilikuwa masalio ya siku nzima. Lakini kilitolewa kwa wakati wake, na kilitosha.

Siku ya pili mkate huo uliwekwa dukani kwa wanunuzi, nao wakaupenda. Walakini mkate wa duara ulikuwa na taabu katika kula, na vipande vyake havikushikika vema mkononi. Basi ukaletwa mkate mrefu, ambao hupasuka vizuri, hujazwa sawasawa, na kila kipande chake ni sawa na kingine. Hivyo mwenye duka wa Athlone alifikia shauri lile lile alilofikia mwokaji wa New Orleans miaka 47 kabla yake. Haja moja iliwapeleka wote wawili mahali pamoja.

JINA LA TAJIRI KATIKA CHAKULA CHA VIBARUA

Jina lake lilitoka wapi? Inasimuliwa kuwa mmoja wa vibarua wale, aliyekuwa na lakabu ya Froggy, alipouma kipande chake alifurahi akasema kuwa hiyo ni "Gatsby smash". Katika miaka ile sinema ya The Great Gatsby, iliyotengenezwa mwaka 1974, ilikuwa imeonyeshwa mjini, na jina hilo lilikuwa midomoni mwa watu kwa maana ya kitu kikubwa cha fahari. Jina likashika.

Vijana wetu wanaosoma vitabu vya Kiingereza huenda wakajua kwamba sinema hiyo ilitokana na hadithi ya F. Scott Fitzgerald, Mmarekani, iliyotoka mwaka 1925. Gatsby wa hadithi ni tajiri mwenye jumba kubwa, afanyaye karamu usiku kucha. Mamia ya watu huja wakala na kunywa, na wengi wao hata hawamjui mwenye nyumba. Lakini alipokufa, katika umati ule wote hawakutokea ila watu wachache mno wa kumzika.

Tukilifikiri jambo hili twaona ajabu. Jina la tajiri aliyelisha watu wengi asipate rafiki limepewa mkate wa vibarua, ambao hauliwi ila na watu wanaojuana, waliochanga, na walioketi pamoja. Hatudhani kwamba Froggy alikusudia hayo. Yeye alikuwa na njaa, akafurahi. Lakini maneno ya mtu mwenye njaa wakati mwingine huwa na hekima kuliko ajuavyo.

KWA NINI WAPENDWA

Wengi wamejiuliza kwa nini chakula hiki kimeenea hivyo, maana viungo vyake ni vya kawaida mno. Sisi twaona sababu tatu.

Ya kwanza ni ladha. Mkate ni mpole, chipsi zina mafuta na chumvi, siki huukata ule uzito wa mafuta, na achari huleta ukali na uchachu. Kila kimoja humsaidia mwenziwe. Mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba mchuzi mzito hutaka ndimu, na wali wa nazi hutaka achari. Kanuni ni hiyo hiyo.

Ya pili ni uchumi. Viazi na mkate ni vitu vya bei nafuu, na kitoweo kidogo kikichanganywa navyo huonekana kingi. Nyama ambayo ingemtosha mtu mmoja sahanini, katika mkate huu huwaonjesha wanne.

Ya tatu ni uhalali wake. Katika Cape Town Waislamu na Wakristo wamekaa mitaa mimoja kwa vizazi vingi, na maduka mengi yauzayo mikate hii ni ya Waislamu au huandika mlangoni kuwa chakula chao ni halali. Baraza la Wanavyuoni la mji huo, liitwalo Muslim Judicial Council na lililoundwa mwaka 1945, ni miongoni mwa vyombo vinavyosimamia vyeti vya uhalali wa chakula katika nchi ile. Matunda yake ni kwamba jirani Mkristo na jirani Muislamu hununua mkate mmoja wakaukata wakala, wala hakuna wa kuuliza kwa wasiwasi. Twajua sote jinsi ilivyo vigumu watu kupatana ikiwa hawawezi kula pamoja. Mahali ambapo sheria iliwatenga watu kwa miaka mingi, chakula kinachoweza kuliwa na wote si jambo dogo.

Wala isidhaniwe kuwa dhiki ya mitaa ile ilikwisha siku watu wote walipopiga kura mwaka 1994. Umaskini ungaliko, na magenge ya vijana yangali yakiwasumbua wazazi. Hatusemi kwamba mkate utaondoa hayo. Twasema tu kwamba watu waliotawanywa kwa nguvu wamejipatia desturi moja ya kuwakutanisha, na desturi ya namna hiyo yafaa kuheshimiwa.

TAHADHARI

Sasa ni wajibu wetu kusema upande wa pili, kwani tusiposema tutakuwa tumewadanganya wasomaji. Mkate huu una wanga mwingi, mafuta mengi na chumvi nyingi. Watu wanne wakiugawana baada ya kazi ngumu, hauna neno. Lakini siku hizi wako vijana wanaoona ushujaa kuumaliza mtu mmoja peke yake, tena na soda juu yake. Huko ni kuutoa mkate katika asili yake. Maradhi ya kisukari na shinikizo la damu yameenea Afrika ya Kusini kama yalivyoenea kwetu, na ulaji wa kupita kiasi ni miongoni mwa njia zinazoyaleta. Dini yetu imetufundisha kiasi katika kula, nao waganga wa leo hawana shauri lililo bora kuliko hilo.

Jambo la pili ni usafi wa nyama zilizotengenezwa viwandani. Katika miaka ya 2017 na 2018 Afrika ya Kusini ilipatwa na maradhi ya listeria, yaletwayo na vijidudu vikaavyo katika chakula, hata kilichowekwa katika friji. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba chanzo kilikuwa poloni na nyama nyingine za namna hiyo, na watu wakaonywa waache kuzila. Waliokufa walizidi 200, na wengi katika walioathirika walikuwa watoto wachanga, kwani maradhi haya humfikia mtoto tumboni mwa mamaye. Basi mama mjamzito na ajihadhari na soseji za baridi ambazo hazikupikwa tena. Nyama iliyopikwa nyumbani, ikaiva, ikaliwa siku hiyo hiyo, ni salama zaidi, na sisi twaona ni tamu zaidi pia.

NAMNA YA KUUFANYA NYUMBANI

Watakaotaka kuujaribu nyumbani, kazi yake si ngumu, na vijana wa kiume wasione haya kuingia jikoni. Kama mkate mrefu haupatikani, boflo nne ndogo zitafaa.

Viazi vikatwe vinene, vioshwe, vikaushwe kwa kitambaa, kisha vikaangwe polepole mpaka viive, visiachwe vikakauka. Vikitolewa vitiwe chumvi kidogo na siki, kisha vifunikwe dakika chache vipate kulegea. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta ikatwe vipande vyembamba, ipakwe tangawizi na kitunguu thomu vilivyopondwa, bizari, pilipili manga na ndimu, ikae saa moja, kisha ikaangwe kwa mafuta kidogo mpaka iive. Mkate upasuliwe ubavuni, upakwe achari ya embe, utiwe chipsi, kisha nyama, kisha vipande vya nyanya na majani ya saladi kwa wingi. Ubanwe kwa mkono, ukatwe vipande vinne vilivyo sawa, uliwe ungali moto.

Mwenye kukata na awe wa mwisho kuchagua. Hiyo ni adabu, tena ni hila nzuri ya kumfundisha mtoto uadilifu: ajuaye kwamba kipande kitakachobaki ndicho chake hatakikata kwa kupunja.

KHATIMA

Tumetoka katika meza ya lodi wa Uingereza, tukapita katika mkahawa wa wagomaji, tukafika katika duka la samaki la Athlone. Kwa kuwa mkate huu ni chakula cha watu waliochanga, hatuna la kuwausia wasomaji ila mambo mawili ambayo kila nyumba inayaweza.

La kwanza ni kwa wenye kuajiri, wawe na duka au wawe na kijakazi mmoja tu jikoni. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Lakini wako wachumao juani kwa ajili yetu, na kivuli tumekishika sisi. Aliyeahidiwa chakula apewe chakula, na aliyeahidiwa ujira apewe ujira, siku ile ile, hata kama kilichoko ni masalio. Asiambiwe arudi kesho.

La pili ni kwa vijana. Mkiwa na senti chache, changeni. Msiwe kila mmoja na kifuko chake pembeni, amegeuza uso. Na mkiona mwenzenu hana cha kuchangia, mpeni kipande kabla hajaomba, kwa kuwa kuomba ni kuzito.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ajalie riziki zetu ziwe za halali, na meza zetu ziwe na nafasi ya mmoja zaidi. Wabillahi tawfiq.